Ulinganisho: kuhifadhi vipepeo na nondo kwa pini, kwa bahasha, kwa kuwafuga au kwa picha tu. Kipi kinamfaa mtu wa pwani?

MwanaPongwe (Tanga)

Wakuu, salaam. Mimi na binti yangu wa darasa la sita tumeingiwa na mapenzi ya vipepeo. Baadhi tumeshaanza kuwajua kwa majina: yule mweusi mwenye madoa ya manjano asiyebanduka kwenye mndimu wetu (Papilio demodocus), yule wa rangi ya chungwa anayeruka polepole kama hana haraka na dunia (Danaus chrysippus), na usiku kuna nondo wa kila namna kwenye taa ya kibarazani. Sasa tunataka mkusanyiko wa kweli, utakaodumu, siyo kubandika wadudu kwenye daftari kwa selotepu.

Katika kusoma kwangu naona watu wanagawanyika: kuna wanaochoma pini na kutandaza mbawa kwenye sanduku la kioo, kuna wanaohifadhi kwenye bahasha za karatasi, kuna wanaofuga kuanzia yai, na kuna wanaopiga picha tu. Bajeti yangu ni ndogo na bahari iko karibu, kwa hiyo unyevu hautuachi mwaka mzima. Ipi inadumu, ipi inamfaa mtoto, na sheria inasemaje? Natanguliza shukrani.

Kakamega_Porini (Kenya)

Karibu sana ndugu. Nakupa msimamo wangu mapema: anza na bahasha, pini zifuate baadaye.

Bahasha ni kipande cha karatasi cha mstatili unachokikunja kwa mshazari kikawa pembetatu, halafu unakunja kingo mbili zilizobaki ili kisifunguke. Kipepeo anaingia mbawa zikiwa zimefumbwa juu ya mgongo. Kabla hujamweka, andika juu ya karatasi: mahali, tarehe, mwinuko kama unaujua, nani alimkamata, alikuwa juu ya mmea gani. Tumia penseli au wino usioyeyuka kwa maji. Bati moja la biskuti linabeba mamia ya bahasha, na kipepeo aliyekauka humo anaweza kukaa miongo mingi, kisha siku moja mtu akamlainisha na kumtandaza kama wa jana.

Hayo maandishi ndiyo mkusanyiko wenyewe. Kipepeo mzuri asiye na mahali wala tarehe ni pambo la ukutani. Aliyechanika bawa lakini ana lebo kamili, makumbusho watampokea kwa mikono miwili. Pale Nairobi, makumbusho yaliyoanzishwa 1910 na wapenzi wa viumbe wa Afrika Mashariki yana wadudu waliokusanywa na watu wa kawaida kabisa, na leo mtafiti akitaka kujua msitu fulani ulikuwa na nini kabla haujakatwa, anafungua droo na kusoma lebo. Uingereza wanajua nondo aina ya Biston betularia alianza kuonekana mweusi huko Manchester mwaka 1848 kwa sababu wapo waliokuwa wakikusanya na kuandika.

Mfundishe binti lebo kwanza. Mengine yatafuata.

Mtandazaji (Arusha)

Nakubaliana na mkuu hapo juu kuhusu lebo, ila kwenye bahasha tunatofautiana. Mtoto wa darasa la sita hawezi kupenda bati la karatasi zilizofungwa. Anataka kuona! Na kipepeo aliyefumbwa anaonyesha upande wa chini tu, wakati kuna aina nyingi ambazo huwezi kuzitofautisha bila kuona pande zote mbili.

Kutandaza hakuhitaji fedha nyingi. Ubao tengeneza mwenyewe kwa ile povu nyeupe ngumu inayokuja ndani ya katoni za televisheni: kata mfereji katikati upana wa mwili wa mdudu, basi. Unachotakiwa kununua ni pini zenyewe. Pini za fundi cherehani ni nene na zinashika kutu, na za shaba nyeupe ni mbaya zaidi kwa sababu mafuta ya mdudu yanazifanya zitoe uchafu wa kijani unaopasua kifua. Pini za wadudu zina urefu wa karibu milimita 38 hadi 40. Nyingi nzuri hutoka Jamhuri ya Cheki; agiza za chuma kisichoshika kutu, namba 2 au 3, zitakutosha kwa karibu kila kitu.

Utaratibu ni huu. Pini inashuka wima katikati ya kifua, na unaacha kama theluthi moja ya urefu wake juu ya mgongo ili upate pa kushikia. Mwili unakaa ndani ya mfereji. Kisha kwa ncha ya pini nyingine unasukuma bawa la mbele kwenda juu, ukishika nyuma ya ule mshipa mnene wa ukingoni, kamwe usishike katikati ya bawa maana litachanika. Unasukuma mpaka ukingo wa nyuma wa bawa hilo unyooke na kufanya pembe mraba na mwili. Hapo bawa la nyuma unalipandisha lifunike pengo. Unalaza utepe wa karatasi laini juu ya mbawa na kuuchomea pini pembeni ya mbawa, siyo ndani yake. Vipapasio navyo uvipange, vikikauka vimepinda ndiyo basi. Arusha wiki moja hadi mbili inatosha kukauka. Tanga ongeza, hasa wakati wa masika.

Bi_Nesi (Mombasa)

Asalaam aleikum. Mimi ni mwuguzi, na kwa kuwa kuna mtoto nyumbani naomba tuzungumze dawa kabla hatujafika mbali.

Watu wengi wanatupa vidonge vya naftalini ndani ya sanduku ili wadudu waharibifu wasiingie. Vinafanya kazi, lakini mvuke wake si mchezo. Huku kwetu kwenye malaria kuna watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na kwao naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi. Sanduku lenye naftalini lisikae chumba cha kulala, na mahali penye kichanga lisiwepo kabisa.

Badala yake tumia friza. Sanduku au bati lifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liweke kwenye friza la nyuzi 18 au 20 chini ya sifuri kwa wiki nzima, litoe, na usifungue mfuko mpaka joto lirudi kawaida, vinginevyo umande utaangukia mbawa. Mayai na mabuu ya wale kombamwiko wadogo wa makumbusho wanaoitwa Anthrenus yanakufa bila kemikali. Rudia mara mbili kwa mwaka.

Friza hilohilo linafaa pia kwa kuua. Wale wa zamani walitumia sianidi kwenye chupa, jambo ambalo halina nafasi katika nyumba yenye watoto. Ethili asetati ni nafuu zaidi lakini nayo inataka hewa na uangalifu. Kipepeo akiwa ndani ya bahasha, usiku mmoja wa friza unamtosha, na asubuhi akiyeyuka bado ni laini, unaweza kumtandaza moja kwa moja.

Mtandazaji (Arusha)

Samahani Bi Nesi, nasahihisha dogo: Anthrenus ni jamii ya mbawakawa, siyo kombamwiko. Mabuu yake yana manyoya na yanaacha unga wa kahawia chini ya kila mdudu aliyeliwa. Ukiuona unga huo, sanduku liende friza siku hiyohiyo. Mengine yote uliyosema nayaunga mkono.

Bi_Nesi (Mombasa)

Ahsante kaka, ni mbawakawa. Na kwa pwani kuna maadui wawili zaidi: ukungu na sisimizi. Ubao wa kukaushia tunauweka juu ya meza ambayo kila mguu umesimama ndani ya kopo la maji yenye mafuta ya taa kidogo. Ndani ya sanduku weka vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vikishiba, havifai tena mpaka uvikaushe au uweke vingine.

Mfugaji_Gede (Kilifi)

Naona wote mmeruka njia ya tatu, na kwa mtoto ndiyo ningeiweka mbele ya zote.

Huku Gede tangu 1993 kuna mradi wa Kipepeo. Wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga viwavi, na pupa wanauzwa kwenda kwenye maonyesho ya vipepeo hai ng'ambo. Msitu ukibaki, mmea wa chakula unabaki, na fedha inabaki. Kwenu Usambara Mashariki, Amani, walianza kazi kama hiyo miaka ya 2000, wakaumizwa sana Tanzania ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016. Wakulima walikuwa na pupa mikononi na mnunuzi hawezi kuwapokea. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kipepeo aliyefugwa hakumpunguzia msitu chochote.

Sasa mleta mada, mndimu unao tayari. Tazama majani machanga, utaona yai moja moja la rangi ya krimu, dogo kama kichwa cha pini. Kiwavi akitoka, mwanzoni anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na ndiyo kinga yake. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Mweke kwenye chombo chenye wavu, tawi la mndimu likiwa kwenye chupa ya maji iliyozibwa mdomo kwa pamba asizame. Ondoa kinyesi kila siku. Kwa joto letu pupa huchukua kama wiki mbili, kipepeo anatoka, ananing'inia, mbawa zinajaa.

Mkusanyaji anapata nini? Kipepeo ambaye hajapoteza hata kigamba kimoja. Wa porini karibu wote wamechakaa. Mwache saa kadhaa mbawa zikauke na kukaza kabla ya friza. Weka mmoja dume na mmoja jike, waliobaki waachieni. Binti atakuwa ameona maisha yote ya mdudu, siyo mwisho wake peke yake.

Kuhusu sheria: Kenya tuna Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, kwenu kuna ya 2009. Hifadhi za taifa na misitu ya hifadhi kama Amani usiingie na wavu bila kibali. Nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya uulize kwa maandishi hata kwa maeneo ya kawaida. Kupeleka vielelezo nje ya nchi ni habari nyingine kabisa inayotaka vibali vyake.

LenziKwanza (Dar es Salaam)

Mimi ni wa picha na sioni haya. Mfano aliotoa mleta mada unatosha: jike la Hypolimnas misippus linaiga Danaus chrysippus kiasi kwamba ndege wanadanganyika. Lakini picha moja nzuri ya juu inamaliza ubishi, kwa sababu Danaus ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa la nyuma, na misippus ana moja tu kwenye ukingo. Hakuna aliyekufa. Pakia iNaturalist, ile programu ya kurekodi na kutambua viumbe kwa picha, na mahali pakajiandika penyewe kutoka kwenye simu.

Kakamega_Porini (Kenya)

Kwa hao wakubwa ni sawa, dada. Lakini njoo msituni kwetu, wenye zaidi ya aina 400 za vipepeo, uniletee picha za wale wadogo wa bluu wa familia ya Lycaenidae. Wapo ambao hata mtaalamu hawezi kuwataja mpaka achunguze sehemu za uzazi chini ya darubini. Picha haina sehemu hizo. Kwa hiyo picha iwe ya kila siku, kielelezo kiwe cha pale penye shaka.

Taa_na_Shuka (Bukoba)

Nondo wamesahaulika, wakati ndio wengi kuliko vipepeo kwa mbali.

Tandika shuka jeupe kwenye kamba, weka taa mbele yake, ikiwa na mwanga wa zambarau itavuta zaidi. Chagua usiku wa giza, mwezi mwandamo, wenye joto, mawingu na usio na upepo. Panga trei za mayai chini, nondo watajificha humo na utawachagua kwa utulivu alfajiri. Ukimpata nondo wa fuvu, Acherontia atropos, mshike taratibu umwonyeshe binti: analia! Ni sauti ya kweli, kama ya panya mdogo.

Kwa nondo usitumie bahasha. Miili yao ni minene, inaponda mbawa na kuoza. Wakubwa sana wapasue tumbo kwa chini, toa vilivyomo, jaza pamba. Mafuta yakijitokeza baadaye na kufanya mbawa zionekane kama zimelowa, mzamishe mdudu mzima kwenye asetoni siku moja, atoke safi.

MwanaPongwe (Tanga)

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia, ahsanteni wote. Tunaanza na mndimu na picha, na nimeshakata karatasi za bahasha. Swali moja: tuna vipepeo kadhaa tuliowaokota wamekufa dirishani, wamekauka kabisa. Wanaweza kutandazwa?

Mtandazaji (Arusha)

Wanaweza. Chukua chombo cha plastiki chenye kifuniko, weka chini kitambaa kilicholowa, matone machache ya dawa ya kuua vijidudu ili ukungu usiote, na juu yake kisahani cha kumlaza mdudu asiguse maji. Funika siku moja hadi mbili. Jaribu kwa kupuliza mbawa polepole: zikicheza zenyewe, yuko tayari, zikikaza, mrudishe. Nondo wa kijani usiwafanyie hivi, unyevu unafuta rangi yao. Na tarehe ya kuwaokota andika leo hii mkingali mnaikumbuka, pamoja na neno "dirishani".