Mjadala: Katuni za Star Wars zilizofutwa 2014, nani kasema hazikutokea?

TOLEO LA SABA (mleta mada)

Wakuu, salamu. Naileta hii nikijua itazua ugomvi, ila bora tugombane hapa kuliko kwenye harusi ya watu, kama ilivyonitokea mwezi uliopita.

Kwa asiyefuatilia: filamu ya kwanza ya Star Wars, ile hadithi ya vita vya angani, ilitoka Mei 1977, na katuni yake ya kusoma, iliyochapwa na kampuni ya Marvel, iliitangulia mitaani. Matoleo sita ya mwanzo, Roy Thomas akiandika na Howard Chaykin akichora, yalisimulia kilichomo kwenye filamu. Toleo la saba likakuta filamu imeisha na wasomaji bado wana kiu, ndipo hadithi ikaendelezwa, hadi toleo la 107 mwaka 1986. Miaka ile ya mwanzo hukuwa na kaseti ya kuirudia filamu sebuleni. Ukitaka kujua mashujaa wake, Luke na Leia, wamefikia wapi, unanunua katuni. Jim Shooter, aliyekuwa mhariri mkuu wa Marvel, aliandika baadaye kwamba mauzo yale ndiyo yaliyoiokoa kampuni isizame. Kisha Desemba 1991 wachapishaji wengine, Dark Horse, wakatoa katuni ya Dark Empire, ya mwandishi Tom Veitch na mchoraji Cam Kennedy, na mlango ukafunguka: zaidi ya miaka 20 ya mwendelezo.

Aprili 25, 2014, Lucasfilm, kampuni yenye Star Wars, ambayo Disney ilikuwa imeshainunua mwaka 2012 kwa dola bilioni 4.05, ikatangaza kwamba yaliyotokea kweli ni filamu sita na ule mfululizo wa televisheni wa The Clone Wars. Riwaya, katuni na michezo ya kompyuta vyote vikabandikwa jina la Legends. Kwa Kiswahili cha bibi yangu: ngano.

Sasa shikeni hapa. Katika Dark Empire, Kaizari Palpatine, aliyetupwa shimoni mwisho wa filamu ya 1983, anarudi. Roho yake inahamia miili ya kloni, yaani nakala za mwili wake, alizoziandaa kwenye sayari ya mafichoni. Matoleo sita yanakueleza alirudi vipi, kwa gharama gani, na kwa nini Luke mwenyewe anakubali kupiga magoti mbele yake. Hiyo ndiyo tukaambiwa haikutokea. Desemba 2019 unaingia kuitazama filamu ya The Rise of Skywalker, unamkuta nani? Palpatine yuleyule, kloni ileile, sayari ya mafichoni, na maelezo yenyewe ni sentensi moja ya rubani kwamba jamaa amerudi, basi.

Msimamo wangu: walitunyang'anya mlangoni wakaja kutuuzia dirishani. Mwenye hati ana haki ya kuchapisha au kuacha kuchapisha. Haki ya kuniambia nilichosoma hakikutokea hana. Karibuni, hoja hujibiwa kwa hoja.

KARANI WA MIRATHI

Mkuu, nakuheshimu, lakini umelalia upande mmoja.

Kwanza, hakuna aliyekuahidi. George Lucas mwenyewe, aliyeibuni Star Wars, alisema zaidi ya mara moja kwamba ulimwengu wake ni filamu, na ule wa vitabu na katuni ni ulimwengu mwingine. Ndani ya Lucasfilm alikuwepo Leland Chee, mtunza daftari kuu la hadithi, na daftari lile lilikuwa na madaraja. Filamu za Lucas juu kabisa, kisha televisheni, kisha ndiyo katuni na riwaya. Filamu ikisema neno, katuni inanyamaza. Hiyo ilikuwepo miaka mingi kabla ya Disney, na wasomaji wakongwe walikuwa wanaijua kama wanavyojua jina la baba.

Pili, nipe jibu la kiutendaji. Mwaka 1999 riwaya moja ilimuua Chewbacca, yule mwenye manyoya wa filamu za mwanzo. Haikumjeruhi, ilimuua, mwezi mzima ukaanguka kwenye sayari aliyokuwa amesimama. Ungekuwa wewe unatengeneza filamu ya 2015 ungefanyaje? Uanze na matanga? Umwambie mtoto wa miaka tisa aliyekuja na mama yake kwamba yule mwenye manyoya alishafariki, kasome riwaya kwanza?

Ulinunua hadithi, mkuu. Hukununua hisa.

TOLEO LA SABA

Hilo la Chewbacca nakupa. Pia la madaraja sikatai.

Ila njia ile ilikuwa ya kuchukua tu. Aayla Secura, yule Jedi (shujaa wa upanga wa mwanga) wa rangi ya bluu, kazaliwa wapi? Kwenye katuni za Dark Horse. Lucas akaona mchoro wake wa jalada, akampenda, akamtia kwenye filamu ya Attack of the Clones mwaka 2002. Katuni ikiwa na kitu kizuri, kinapanda ghorofani. Ikidai nafasi yake, inaambiwa wewe ni daraja la chini. Huo ni urithi gani, karani?

MTAZAMAJI TU

Watu wazima mnabishana juu ya hadithi yenye sungura wa kijani. Haya.

TOLEO LA SABA

Anaitwa Jaxxon, toleo la nane, na umheshimu.

BI SHELA

Ndugu zangu, mie sikuzisoma katuni hizo zote, mwanangu ndiye mwenye kabati. Lakini suala lenu nalijua kwa mlango mwingine.

Huku kwetu pwani kuna Fumo Liyongo. Kila nyumba ina Liyongo wake. Wako wanaosema alifungwa kwa sababu hii, wako wanaosema kwa ile. Tenzi zina yake, wazee wa barazani wana yao. Mama yangu alikuwa na kisa cha Liyongo mwituni ambacho sijakikuta kwenye kitabu chochote, na hakuna aliyewahi kuja na barua kusema kisa cha mamako kimefutwa.

Lakini sikilizeni. Katika zote hizo, sindano ya shaba haiguswi. Liyongo anauawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni. Ukiketi barazani ukasema hakufa, alijificha akarudi, watu watakuangalia, kisha mmoja atainuka aende zake. Hapana mfalme aliyeweka sheria hiyo. Wasikilizaji ndio walioiweka.

Basi mie nikamuuliza mwanangu: sindano ya shaba ya hii Star Wars yenu ni ipi? Akafikiri, akasema ni pale baba anapomtupa Kaizari shimoni ili mwanawe asife. Nikamwambia, kama ndivyo, mleta mada na Disney kosa lenu ni moja. Ile katuni ya 1991 iliing'oa sindano, na filamu ya 2019 ikaing'oa tena. Kama Kaizari hakufa, yule baba alikufa kwa ajili ya nini? Hilo la nani rasmi na nani si rasmi naona ni ugomvi wa wezi wawili juu ya kuku mmoja.

KIJANA WA LIMURU

Bi Shela amemaliza mambo 😂

Niongeze tu kitu ambacho wengi hawajui. Katika Return of the Jedi, 1983, kuna yule rubani msaidizi wa Lando, mashavu yananing'inia, anaitwa Nien Nunb. Sauti ile ni ya Mkenya, Kipsang Rotich, wakati huo alikuwa mwanafunzi Marekani. Na maneno mengine ni Kikuyu wazi kabisa! Shosho yangu alipita sebuleni siku moja filamu ikiendelea, akasimama mlangoni akauliza, huyu anaita watu gani waje hapa?

Sasa rasmi ni kwamba ile ni lugha ya sayari ya Sullust. Sawa. Lakini mwambie shosho.

KARANI WA MIRATHI

Bi Shela, shikamoo. Nimekusoma mara mbili. Tatizo la mfano wako ni kwamba Liyongo hana mwenyewe, ndiyo maana baraza linaweza kumlinda. Hii ya Marekani ina hati, ina mawakili, na ina kiwanda cha kutengeneza midoli. Baraza halina kura hapo.

BI SHELA

Marahaba. Kura hawana, lakini miguu wanayo. Si watainuka waende zao?

MCHORA MABANGO

Nimekaa kimya nikisubiri mtu ataje wachoraji zaidi ya jina. Hakuna. Basi ngoja niseme.

Dark Empire nilikipata kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza chini, kurasa za katikati zimegandana kwa mvua. Nikazibandua kwa mvuke wa birika, moja moja. Kuna pale mwanzoni Luke yuko kwenye magofu ya mji, mbele yake lile dude la chuma la kutembea kwa miguu, refu kama jengo, na yeye kasimama tu na joho lake. Kennedy hatumii rangi zote alizonazo. Rangi mbili tatu kwa ukurasa, kijani imetawala, kama unatazama kupitia chupa ya soda. Uso wa Luke una vivuli ambavyo kwenye filamu hujawahi kuviona. Kabla hujasoma neno hata moja unajua huyu kijana anakwenda kubaya. Nimeiga ule ukurasa labda mara 30. Mkono wangu wa kuchora vivuli umetoka pale.

Halafu mtu aje aniambie ni ngano. Sawa, iwe ngano. Mimi nimejifunza kazi kwenye ngano.

Kwa hiyo kwangu swali la nani rasmi ni la pili. La kwanza ni nani kalipwa. Novemba 2020 chama cha waandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi cha Marekani kilitoa hadharani malalamiko ya Alan Dean Foster, aliyeandika riwaya ya filamu ya kwanza na ile ya mwendelezo ya 1978. Kwa maelezo ya chama, tangu Disney wanunue, mrabaha wake ulikuwa haumfikii, na hoja aliyopewa ni kwamba walinunua haki, hawakununua madeni. Soma tena polepole: haki wamenunua, madeni hapana.

Naijua lugha hiyo. Miaka ya nyuma nilikuwa na mhusika wangu kwenye gazeti moja, silitaji. Kinyozi mwenye kisirani. Mhariri alipobadilika nikakuta kinyozi wangu anachorwa na mtu mwingine, kavalishwa tai, kawa mpole, na matukio yake yote ya nyuma hayakumbukwi. Nikaenda kuuliza. Nikaambiwa mhusika ni wa gazeti. Nikasema sawa, ila huyu kinyozi ana deni la mama ntilie tangu Machi, nani atalilipa? Wakacheka. Mimi sikuwa natania.

TOLEO LA SABA

Mchora, hilo la kinyozi limenigusa kuliko mada yangu.

Bi Shela, nimekaa na lako usiku mzima. Nakiri mwaka wa kwanza niliposoma Dark Empire nilikereka kwa sababu hiyohiyo: Vader, yule baba yake Luke, kafa bure? Nikajizoesha. Labda ninachokilinda si kwamba ni kweli, ni kwamba nilishailipia kwa kujizoesha.

Ila swali moja kwa Karani, kisha nitanyamaza. Kama hazikutokea, mbona wanaziuza? Tangu 2015 Marvel wanazichapa upya zilezile za Dark Horse katika mabuku manene, neno Legends limebandikwa juu, bei haina ungano wowote.

KARANI WA MIRATHI

Ngano inauzwa, mkuu. Tangu lini ngano ikakatazwa sokoni? Kuziweka kando ndiko kulikowezesha zibaki salama. Zingebaki rasmi, kila filamu mpya ingezikata kidogo hapa, kidogo pale, mpaka usingezitambua. Sasa Dark Empire yako iko kamili, hakuna atakayeigusa tena. Wewe unaita kuzikwa, mimi naita kuwekwa kabatini.

Na wamekuwa wanarudisha mmojammoja. Valance, yule mwindaji nusu mtu nusu mashine wa mwaka 1978, amerudi kwenye katuni rasmi tangu 2018. Tena mwaka 2014 wenyewe waliiokoa katuni moja ya Dark Horse, ile ya yule adui Darth Maul, kwa sababu ilitokana na miswada ya The Clone Wars ambayo haikuwahi kutengenezwa kuwa vipindi.

MCHORA MABANGO

Moja. Kati ya ngapi?

KARANI WA MIRATHI

Moja.

MTAZAMAJI TU

Nimerudi. Nimekwenda kutafuta habari za sungura kwa sababu mmenichokoza. Hivi mnajua Mei 2019 Marvel walitoa toleo la 108? Ule mfululizo wa zamani, uliofungwa 1986 kwenye 107. Miaka 33 imepita, wakatoa 108 kana kwamba mtu alikuwa ametoka kidogo kununua sigara.

TOLEO LA SABA

Najua. Matthew Rosenberg ndiye aliyeandika. Nina nakala.

MTAZAMAJI TU

Na ni rasmi au ni ngano?

TOLEO LA SABA

Ngano.

MTAZAMAJI TU

Na sungura?

TOLEO LA SABA

Yumo.