Naomba ushauri: mama anayumba tangu achomwe gentamisini

Habari zenu wanajamii. Mama alitibiwa maambukizi makali kwa sindano za gentamisini. Alipona, ila sasa anayumba akitembea, gizani ndiyo zaidi, na akigeuza kichwa vitu vinarukaruka machoni. Kusikia anasikia vizuri tu, ndiyo maana mwanzoni wengi walidhani ni uchovu. Daktari wa masikio anasema seli za kuhisi usawa wa mwili zimeharibika masikio yote mawili na hazioti upya. Kinachobaki ni ubongo kuzoea kutegemea macho na miguu. Amepewa mazoezi ya kukazia macho kitu huku akigeuza kichwa, lakini kichefuchefu kinamshinda. Bado anameza sinarizini, dawa ya kutuliza kizunguzungu.

Mliopitia haya, mazoezi mliyamudu vipi? Na je, hiyo sinarizini haicheleweshi ubongo kuzoea?