Fundi kaichanachana sakafu yangu ya mbao nyumba nzima, eti "vanishi itaficha"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, lugha mtanivumilia.

Sakafu yangu ni mbao ngumu halisi: sebule, korido na vyumba vitatu. Vanishi ya zamani ilishachoka, mlangoni palibaki mbao tupu iliyoingia weusi kwa maji. Nikampata fundi akaniahidi siku tatu: msasa nyumba nzima, vanishi mikono mitatu, siku ya nne vitanda virudi. Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.

Kaja na ile mashine nzito ya kusukuma, kafunga msasa namba 40. Sawa, vanishi ngumu haitoki bila msasa mkali. Lakini baada ya 40 inakuja 60, halafu 80, halafu 100, kwa sababu kila namba kazi yake ni kufuta mikwaruzo ya ile iliyotangulia. Huyu katoka 40 kaparamia 100. Namuuliza, ananijibu, "Bosi, vanishi itaficha."

Vanishi haifichi kitu! Vanishi inaangaza. Jioni jua likipenya dirishani, sakafu yote inaonekana kama imeparuliwa na paka. Kandokando ya kuta, kimashine cha pembeni kimeacha viduara kila mahali. Katikati ya sebule ndiyo kichekesho: simu ililia, bwana akasimama kuongea huku msasa unazunguka pale pale. Sasa pana bonde. Nikilaza rula juu yake, mwanga unapita chini.

Misumari hakuizamisha, ikawa inachana msasa na yeye anasonga mbele tu. Vumbi alifagia kwa ufagio, yaani alilihamisha kutoka sakafuni kwenda hewani, likarudi kutua kwenye vanishi mbichi. Ukitembea pekupeku unahisi chengachenga.

Tuje kwenye hiyo vanishi. Ilikuwa ya mafuta, ambayo kwa kawaida inataka kama saa 24 kabla ya mkono unaofuata, na katikati unapitisha msasa laini ili ishike vizuri. Yeye kapiga mikono miwili jioni moja. Juu ikakauka, chini ikabaki uji. Imekunjamana kama ngozi ya maziwa, na mguu wa kitanda umezama ukaacha alama. Hata ikipigwa vizuri, vanishi ya mafuta huchukua wiki kadhaa kukomaa kabisa, ndiyo maana mazulia husubiri. Mimi niliambiwa siku ya nne!

Na karibu atuunguze. Nilikuta matambara yaliyolowa vanishi yamerundikwa kwenye kona ya stoo. Matambara ya namna hiyo yakilundikana hujipasha joto yenyewe mpaka yakashika moto bila kiberiti. Niliyatoa nje nikayatandaza moja moja, mikono inatetemeka. Namwambia, anacheka.

Leo anasema atarudi kupiga msasa upya bure. Bure kwa mbao ya nani? Mbao hizi zimeunganishwa kwa ulimi na mfereji, yaani ukingo wa ubao mmoja umechomoza ukaingia kwenye mfereji wa ubao wa jirani, na unene unaoweza kusuguliwa ni ule tu ulio juu ya ulimi, milimita chache. Ukifika kwenye ulimi, misumari inachungulia, kingo zinapasuka, hapo ni kung'oa sakafu. Ili kusawazisha lile bonde inabidi sebule nzima ishuke mpaka kina chake. Huyu mtu kanila miaka ya sakafu kwa siku tatu.

Kosa langu ni moja: nilitoa zaidi ya nusu ya malipo kabla sijaona hata chumba kimoja kimekamilika. Ningemwambia aanze na chumba kidogo cha nyuma, ningemtimua siku ile ile.

Kuna aliyewahi kuokoa sakafu iliyokunjamana hivi? Nasikia vanishi mbichi inaziba msasa, kwa hiyo nisubiri ikauke au nianze kuikwangua kwa mkono? Mafundi wa kweli mliopo, nisaidieni.

Ninavyoandika hapa simu inaita tena, ni yeye, anataka hela yake iliyobaki.