Mlioumwa Homa ya Bonde la Ufa 2007 mkapona, tupeane uzoefu

Mchunaji wa Kongwa: Mbukwa wakuu. Jana mbuzi wa jirani katupa mimba, usingizi ukaniruka. Mwezi wa pili 2007 nilimchuna mbuzi wa namna hiyo mikono mitupu. Siku ya nne homa, kichwa, mgongo kama umetwangwa. Nikapewa dawa za malaria, wapi! Mara fizi zikaanza kutoa damu, nikitema kikombeni ni nyekundu tupu. Mke wangu akaanza kuita ndugu. Mungu saidia nikapona. Miaka kadhaa baadaye watafiti walipita kijijini kuchukua damu, wakasema kinga bado ninayo. Nikamuuliza yule dada mara tatu: mpaka leo? Akasema mpaka leo.

Binti Mpwapwa: Mpwapwa tulikuwepo. Mvua ile, mbu wale, acha tu.

Bucha Majengo: Sisi wenye mabucha tulifilisika kwa maneno kama haya. Nyama iliyoiva haina shida!

Mchunaji wa Kongwa: Mkuu, nani kataja nyama iliyoiva? Nimesema kuchuna.

Bucha Majengo: Basi sema wazi, watu wanasoma haraka.

Mama Wawili: Baba yangu alipona homa, tukachinja kuku kushukuru. Wiki ya tatu nimekaa mbele yake namlisha uji, akaniambia, "Mwanangu, masikio yako nayaona, uso siuoni." Katikati ya macho palikuwa na doa jeusi. Daktari wa macho akasema ugonjwa umeacha kovu nyuma ya jicho. Jicho moja lilirudi kidogo, la pili mpaka leo halijarudi. Kwa hiyo mkisema kinga, sawa anayo, lakini sura za wajukuu anazijua kwa kupapasa.

Binti Mpwapwa: Pole sana dada. Mpe mzee shikamoo yangu.

Bucha Majengo: Pole dada. Hili la macho sikulijua kabisa.

Nesi Mstaafu: Kinga ya kwanza hutokea siku chache baada ya kuugua, ikapotea baada ya miezi. Inayofuata hukaa miaka na miaka, ndiyo waliyoikuta kwa Mchunaji. Virusi hivi, vilivyotambuliwa karibu na Naivasha, Kenya, mwaka 1931, ni vya aina moja, ndiyo maana aliyepona hatarajiwi kuugua tena. Msifananishe na dengi. Ile ina aina nne, ukipona moja ukapata nyingine, ya pili yaweza kuwa kali zaidi.

Kijana wa Ntyuka: Kwa hiyo mliopona ndio mtuchunie?

Mama Wawili: Asichune mtu! Fukieni.

Mzee wa Bahi: Sisi tulikuwa tunapaka majivu mikononi.

Nesi Mstaafu: Shikamoo mzee. Majivu hayazuii. Glovu, na bwana mifugo aitwe.

Mchunaji wa Kongwa: Nimempigia, anakuja na pikipiki. Kile kitoto tumekifukia sasa hivi. Jirani kachimba, mimi nimekibeba kwa glovu za kufulia za mke wangu.