Kuona haya kwenye dirisha la duka la mtaani: tupeane uzoefu

Mama Tuli, Umoja

Habari za jioni wapendwa. Kuna jambo naomba tulizungumze bila kuchekana. Maduka yetu ya mtaani hapa Nairobi, haya ya dirisha lenye wavu wa chuma, hunitia haya hadi leo, na nikiongea na wenzangu naona siko peke yangu. Pale huingii ukachagua. Unasimama nje, nyuma yako kuna jirani wa juu, mtoto wa mwenye ploti na kijana wa bodaboda, na lazima useme unachotaka kwa sauti ya kumfikia mwenye duka kule ndani. Ukitaka mafuta ya kupima ya shilingi 20, wote wamesikia 20. Ukitaka pedi, wote wamesikia pedi. Kwenye supamaketi unaokota kwenye rafu, unalipa, unatoka, hakuna aliyekujua.

Na haya maduka hatuwezi kuyaacha, wala mimi sitaki yaachwe. Ndiyo hufunguliwa alfajiri watoto wakihitaji mkate wa shule, ndiyo hukupimia sukari robo, ndiyo hukuandikia kitabuni mwezi ukikaza. Mwenye duka akikujua, nyumba yako hailali njaa. Lakini kujulikana huko huko ndiko hutufanya tuzunguke ploti tukingoja watu wapungue dirishani. Mimi hufanya hivyo nikiwa na pesa kidogo mkononi.

Ni nini hasa huwatia haya, na mmepata njia gani? Tajeni mtaa tu, msitaje duka la mtu.

Msee wa Pipeline

Mimi ni swali moja tu: "Ni hiyo tu?"

Nafanya kazi mjini, ofisini, na kazi inataka nivae vizuri. Mwezi ukifika tarehe za ishirini na kitu, nguo ni zile zile lakini mfukoni hamna. Nashuka matatu jioni na shati langu limepigwa pasi, nasimama dirishani, naagiza nusu mkate, yai moja na majani chai ya 10. Anaviweka mbele yangu halafu ananiangalia: "Ni hiyo tu?" Nahisi kila mtu kwenye foleni anapima shati na yai. Wakati mwingine naongeza kitu nisichohitaji, soda au biskuti, ndio nisionekane. Hiyo soda ni nauli ya kesho asubuhi.

Binti wa Kayole

Mama Tuli umegusa pale pale. Mimi ni pedi, na nikisema niseme kila kitu.

Nilipokuwa shule ya msingi mama alikuwa ananiandikia kikaratasi nikipeleke dukani. Mwenye duka anakisoma, anafunga kwa gazeti, anatia kwenye karatasi nyeusi, ule mfuko wa plastiki, natembea haraka. Ile karatasi nyeusi ndiyo ilikuwa pazia letu sisi wasichana. Zikapigwa marufuku 28 Agosti 2017, na naunga mkono, mitaro yetu ilikuwa imejaa plastiki. Lakini mifuko iliyokuja badala yake inauzwa, na ukiwa umehesabu pesa ya pedi peke yake, ya mfuko huna.

Siku ambayo siisahau, kwenye dirisha alikuwa kijana mgeni, mwenye duka amesafiri. Nikamwambia taratibu, "Nisaidie na ile ya pale juu." Akageuka. "Ipi?" Nikanyoosha kidole. Akapanda stuli, akainua pakiti moja. "Hii?" Nikatikisa kichwa. "Ama hii ya kijani? Sema jina, siz, hapa ziko nyingi." Nyuma yangu wanaume watatu wa garage walikuwa wanangoja sigara. Walinyamaza, na kule kunyamaza kulinikata kuliko kama wangecheka. Nikachukua ile aliyoshika, si ile ninayotumia, nikaenda.

Serikali iliondoa ushuru wa VAT kwenye pedi mwaka wa 2004, nikiwa mtoto. Watu wakubwa walikaa Bungeni wakalitaja hilo neno. Kwa nini mimi nilitaje kwa kunong'ona dirishani?

Nilichofanya: kuna mama mwingine mwenye duka hatua chache mbele, yeye huziweka chini karibu na dirisha, na gazeti ameshalikata tayari. Unagusa tu pakiti, anafunga. Bei yake imezidi kidogo na mimi hulipa. Wasichana wa ploti yetu wote wamehamia kwake, na unga wananunua hapo hapo. Wale wenye maduka wanaosoma hapa waliangalie hilo kibiashara pia.

Baba Pacha, Umoja

Kondomu. Kwa miaka nilikuwa nakaa Umoja nanunua Donholm. Siku hizi kemisti, naingia, naonyesha, nalipa. Sina zaidi.

Mnyamavu, Kariobangi South

Mimi nina kigugumizi tangu utotoni. Nisomeni polepole.

Herufi inayonishinda ni m. Sasa hebu fikirieni kinachonunuliwa dukani kila siku: mkate, maziwa, mafuta, mayai, mchele, mshumaa stima ikipotea. Nikikaribia dirisha, lile neno naliona linakuja, na kifua kinafunga kabla sijafungua mdomo. Nikisema "mmm", mwenye duka ananisaidia: "Mafuta? Maziwa? Mkate?" Anataja duka zima. Najua ananisaidia. Lakini kila akitaja moja namwambia hapana kwa kichwa, foleni inarefuka, mtoto mmoja anaanza kuniiga, mamake anamchapa, na sasa mtoto analia kwa sababu yangu. Kuna jioni nilirudi nyumbani na sukari kwa sababu aliitaja na nikachoka nikakubali. Sukari tulikuwa nayo.

Kwa hiyo nimejipangia. Maziwa nanunua kwa mashine, zile ATM za maziwa, kwa sababu pale natoa tu pesa na chupa yangu, bomba linajipima lenyewe. Mkate huwa naagiza kwa jina la kampuni, lile ambalo halianzi na m. Vitu vikiwa vingi naandika kwenye simu, naongeza ukubwa wa maandishi, nabandika kioo kwenye wavu. Mwanzoni niliona watu watanidhania bubu. Wengine hunidhania bubu kweli, wananiongelesha kwa ishara za mikono, na mimi huitikia tu.

Ambacho ningeomba ni kidogo sana. Mtu akikwama, mngoje. Usimmalizie. Angalia pembeni kidogo kama unatafuta chenji, neno litatoka. Mzee mmoja aliyekuwa na duka karibu na stage yetu alikuwa anafanya hivyo bila kuambiwa na mtu, anapanguza kaunta mpaka nimalize. Kwake nilikuwa nasema "mkate" vizuri.

Mama Tuli, Umoja

Mnyamavu, asante kwa kuandika. Hiyo ya kupanguza kaunta nitaikumbuka hata nikiwa na mwanafunzi darasani. Endeleeni.

Nyumba Nambari Saba, Githurai

Kwangu ni jina.

Zamani ulikuwa unatoa noti, unapewa chenji, basi. M-Pesa ilipoanza 2007 ilikuwa ya kutumia watu wa nyumbani pesa. Leo hata nyanya za 20 nalipa kwa simu, na meseji ikiingia upande wa mwenye duka inakuja na jina langu. Yeye hulisoma kwa sauti, kwa nia njema, ili ajue ni pesa ya nani. Na jina langu la mwisho linataja nilikotoka kabla mimi sijasema lolote. Hapa ninapokaa, wengi ni watu wa lugha moja, mazungumzo ya dirishani ni ya lugha hiyo, na mimi ndiye Kiswahili kimebadilishwa kwa ajili yangu. Likisomwa jina, kunakuwa na kimya kidogo. Labda hakuna mwenye nia mbaya. Lakini sisi tuliokuwa Nairobi wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, jina likiitwa hadharani mwili unashtuka wenyewe. Hilo sijui kama litaniisha.

Nilimwendea mwenye duka mchana, peke yake, nikamwambia: mzee wangu, naomba ukiona pesa yangu useme tu "imeingia." Hakuuliza kwa nini. Tangu siku hiyo ni "imeingia, mama." Nilikuwa nimejiandaa na maelezo marefu, hata hayakuhitajika.

Dada wa Zimmerman

Nyumba Nambari Saba, nakushika mkono.

Yangu ni ile meseji ya pesa kutotosha. Vitu vimeshafungwa, wewe umeshaweka PIN, simu inatetemeka, na unajua kabla hujasoma. Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio lisilotosha, ilipokuja 2019 niliona imeniokoa, mpaka nayo ikafika mwisho wake. Kurudisha unga kupitia lile dirisha dogo, kipande kwa kipande, ni kazi nzito. Siku hizi naangalia salio nikiwa bado kitandani.

Mwenye Duka, Dandora

Nimesoma yote tangu juu. Nina duka miaka mingi, nimeona niongee kutoka upande wa ndani wa wavu.

Kijana wa Pipeline, "ni hiyo tu?" ni hesabu. Nikiuliza hivyo nataka kujua kama nijumlishe au ningoje. Namuuliza hata anayebeba kreti ya soda. Lakini nimekusikia, na nimefikiria naweza kusema "nijumlishe?" badala yake. Inafanya kazi ile ile.

Na nataka ujue yai lako moja ni nini kwangu. Mimi nanunua gunia la sukari la kilo 50, usiku na mke wangu tunapima robo robo tunafunga. Anayenunua kilo mbili akipata pesa huenda supamaketi kutafuta ofa. Anayenunua robo anakuja leo, anakuja kesho, anakuja kesho kutwa. Kodi ya duka langu hulipwa na watu wa 10 na 20. Saa moja jioni foleni yangu yote ni hao, walimu, askari, mafundi. Ukidhani wanakuangalia wewe, wengi wanahesabu sarafu zao kwa vidole mfukoni.

Wavu si dharau kwenu. Tuliuweka kwa sababu ya wizi, na giza likiingia siwezi kuutoa.

Deni ndilo huniumiza. Hakuna aliyelitaja hapa lakini najua mko. Mtu anakopa unga, pesa inachelewa, anaona haya, anaanza kupitia njia ya nyuma. Mimi namuona. Deni la 200 linanipotezea mteja wa miaka. Kuna wenzangu hubandika majina ya wadeni ukutani, na siwezi kukubaliana nao hata kidogo, kwa sababu mtoto wa yule mama anajua kusoma. Daftari langu liko chini ya kaunta. Kama ni wewe, pita mbele ya duka, nisalimie, niambie "bado, Baba." Hilo linanitosha nikuandikie tena.

Mama Tuli, Umoja

Mzee, umenijibu mambo niliyobeba muda mrefu. Nina ombi moja nawe uwafikishie wenzako. Mkiagizwa kitu, msikirudie kwa sauti kwa yule wa kule nyuma. "Mletee huyu mafuta ya 20!" Sisi tumeshajitahidi kusema kwa chini, halafu inapigiwa mbiu.

Msee wa Pipeline

Hilo kweli. Na asante, Mzee. "Nijumlishe" ni tofauti kabisa.

Mwenye Duka, Dandora

Ni kweli tunafanya hivyo. Kwangu ni kijana wa jioni, ana sauti. Nitamwambia leo kabla ya kufungua zamu yake. Pedi pia nitazishusha karibu na dirisha, nimeona maneno ya Binti wa Kayole, zangu ziko juu kabisa na dawa za mende.

Ndugu Mnyamavu, ukifika Dandora ingia kwangu. Simu ukitaka, mdomo ukitaka. Mimi nitapanguza kaunta.

Mnyamavu, Kariobangi South

Dandora Phase gani, Mzee? Nina dada Phase Four, huwa nakuja Jumamosi.