Arena México: ni ya 1933, 1943 au 1956?

Mdau_wa_Ulingo: Wakuu, naandika maelezo chini ya picha za zamani za mieleka ya Mexico. Bango la 2023 linasema "Aniversario 90", yaani maadhimisho ya miaka 90, maana yake ukumbi wa Arena México jijini Mexico City ulifunguliwa 1933. Mbona kwingine nakuta 1943, na kwingine 1956? Na picha isiyo na tarehe naitambuaje?

KambaTatu: Umechanganya kampuni na majengo mawili. 1933 ni ya kampuni: Salvador Lutteroth alianzisha kampuni ya mieleka ya EMLL na onyesho la kwanza lilikuwa 21 Septemba. "Aniversario" huhesabu umri wa kampuni, kwa hiyo jumlisha namba ya bango na 1933, mwaka umeupata. 1943 ni Arena Coliseo, República de Perú namba 77, katikati ya jiji. Ilifunguliwa 2 Aprili kwa pambano la wanamieleka El Santo, yule wa barakoa ya fedha, na Tarzán López. Arena México unayoiona leo iko mtaa wa Doctores na ilifunguliwa 27 Aprili 1956: El Santo na Médico Asesino dhidi ya Blue Demon na Rolando Vera.

Wengi hunasa hapa: ukisoma kwamba El Santo alicheza "Arena México" mwaka 1942, usibandike picha ya jengo hili. Lilikuwa bado miaka 14 lifunguliwe; jina hilo lilikuwa la ukumbi mwingine wa zamani. Hata usiku alipomvua Black Shadow barakoa, 7 Novemba 1952, ilikuwa Coliseo.

Mdau_wa_Ulingo: Kumbe! Sasa kwa nini Lutteroth ajenge tena wakati Coliseo ipo?

Jukwaa_la_Juu: Watu walizidi viti, basi. Arena México inaingiza takriban 16,500, na Coliseo ni ndogo kuliko hapo.

Kwenye picha, tazama viti kabla ya sura za wapiganaji. Coliseo ni nyembamba na safu zake zinateremka kwa ukali hadi ulingoni, ndiyo maana Wamexico huiita faneli. Arena México ni pana, na watu wa nyuma wako mbali sana na kamba. Halafu soma herufi kwenye bango: EMLL ni ya zamani, CMLL, jina jipya la kampuni hiyohiyo, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Usitegemee barakoa peke yake, maana ile ya fedha ya El Santo baadaye ilivaliwa pia na mwanawe.

KambaTatu: Nyongeza. Ukiona glovu usiitupe picha ukidhani si ukumbi huo. Ndondi za Olimpiki ya 1968 zote zilipigwa Arena México, na George Foreman alichukua dhahabu yake humo. Wetu walikuwepo: Philip Waruinge wa Kenya alipata shaba uzito wa unyoya, pamoja na Kombe la Val Barker la bondia mwenye ufundi bora. Eridadi Mukwanga wa Uganda alirudi na fedha, Leo Rwabwogo na shaba. Picha hizo ziandike Oktoba 1968.