Tupeane uzoefu: unavuna, na meli ya nafaka inatia nanga

Wakuu, habari za shamba. Nawaomba nyie mliowahi kuvuna mkakuta nafaka ya nje imeshajaa sokoni mseme mlifanyaje.

Nianze mimi. Dalali alichoma gunia kwa bambo, punje zikamiminika kiganjani, akang'ata moja. Kavu kabisa. Akasema, "Mahindi yako mazuri, ila viwanda vimejaza maghala, kuna meli imeshusha." Bei tuliyopatana kwenye simu ikaporomoka palepale. Niliuza, maana deni la mbolea halingoji. Kibali cha kuagiza kilitolewa wakati wa njaa, na sipingi, watu lazima wale. Lakini kuagiza, kupakia na kusafirisha huchukua miezi, kwa hiyo mzigo uliosamehewa ushuru unafika njaa imepita, sisi ndio tunavuna.

Ghala Dogo: Pole sana. Mimi niligoma kuuza, nikahifadhi kwenye magunia ya kawaida. Baada ya miezi mitatu ukitega sikio unasikia dumuzi wanatafuna! Msimu uliofuata nilianika hadi unyevu ukafika asilimia 13, nikafunga kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Nikakaa nayo mpaka mzigo wa nje ukaisha. Ila tusidanganyane, hilo linamfaa asiyedaiwa.

Jaruba: Nililima mpunga, nimeacha. Hasara ya mwaka mmoja naivumilia. Ninachoogopa ni ushuru wa nafaka ya nje kushushwa kwa kudumu. Haiti waliushusha wa mchele hadi asilimia 3 mwaka 1995, mchele wa Marekani wenye ruzuku ukafurika, wakulima wakashindwa. Mwaka 2010 Bill Clinton, aliyekuwa rais wa Marekani wakati ushuru huo unashushwa, alikiri hadharani kwamba lilikuwa kosa. Na shamba likilala halilali peke yake. Mfereji wangu umeota magugu, jirani wa chini naye hapati maji.

Msagishaji: Mimi ni mnunuzi, nisikilizeni. Ya nje naletewa shehena nzima ya daraja moja. Kwenu gunia hili kavu, lile bichi, la tatu lina mchanga, na bichi likiota ukungu naharibikiwa na ghala zima. Leteni mzigo wa pamoja uliopimwa, nitaanza na wenu.

Mwanzisha mada: Mkuu Msagishaji, unataka unyevu usizidi ngapi, na tani ngapi kwa mkupuo? Huku tuko kumi na wanne, na bado hatujapukuchua.